Kaburi la mume wangu na sheria za nyasi

Shemeji yangu alinipigia simu Jumapili usiku, ndiyo kwanza nimevua sare ya kazi. Hakusalimia kwa kirefu. "Shemeji, hebu niambie ukweli. Kaka mmemzika makaburini au kwenye kiwanja cha mpira?"

Mchana wake nilikuwa nimetuma picha kwenye kundi la familia, na picha haikuwa na uongo. Ilionyesha nyasi zilizonyolewa fupi, kijimsalaba cha mbao chenye kibati cha jina, na nyuma yake safu za mawe yaliyolingana kama watoto wa shule mstarini asubuhi. Hakuna saruji, hakuna marumaru, hakuna hata duara la kokoto. Nao kule Upareni walikuwa wamenitumia mchango wa kujengea kaburi, shilingi milioni moja na laki nane, zilizochangwa na watu wanaoishi kwa kuuza tangawizi. Shemeji hakuwa na haja na mpira. Alikuwa anauliza hela zimekwenda wapi.

Ilinichukua miezi kumi na minne tangu mazishi kumjibu kwa vitendo. Kati ya hiyo, naamini miezi sita ilipotea kwa makosa yangu mwenyewe, ndiyo maana nayaandika. Wapo wenzangu wengi huku Uingereza ambao siku moja, Mungu apishe mbali, watamzika mtu wao huku badala ya kumsafirisha, na hakuna atakayewaambia mambo haya msibani. Msibani watu huleta wali.

Mume wangu alifariki Februari 2022 kwa kiharusi, siku nne tu baada ya kulazwa. Tulikaa kikao cha kwanza sebuleni kwangu, simu ikiwa mezani imewekwa spika ili wa nyumbani wasikie. Kampuni ya mazishi ilikuwa imetutajia zaidi ya pauni 5,000 kumfikisha uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na hapo nauli zangu na za watoto watatu bado. Lakini tusisingizie hela peke yake. Watoto walitaka baba yao awe mahali wanapoweza kwenda kwa basi. Naye mwenyewe alikuwa amesema zaidi ya mara moja, kwa mzaha wake ule, kwamba yeye azikwe pale pale atakapoangukia, asipandishwe ndege akiwa hawezi hata kuomba siti ya dirishani.

Mama mkwe alinyamaza muda mrefu kwenye ile simu. Halafu akasema: "Sawa. Ila mmjengee vizuri."

Nikajibu, "Ndiyo, mama." Niliahidi kitu nisichokijua.

Fomu za mazishi zilijazwa siku mbili baadaye. Binti wa kampuni ya mazishi aliniuliza taratibu, akisoma kwenye karatasi, kama kaburi ni la mtu mmoja au wawili. Nikasema wawili. Nilitamka haraka, kama mtu anayeagiza chai, na ilibidi nifike nyumbani na kuvua viatu ndipo nikatambua huyo wa pili ni nani. Maana yake ni kwamba huchimbwa chini zaidi mara ya kwanza, ili mwingine aje kulala juu. Bei inapanda, lakini ni nafuu kuliko kununua mawili. Sijutii jibu lile, ingawa ningependa kuulizwa na mtu aliyenitazama usoni.

Ilipofika mahali pa kutia saini mikono yangu ilikuwa haishiki kalamu. Mweka hazina wa umoja wetu wa Watanzania, kijana mwema sana, akasema, "Dada, kaa, mimi nitasaini, si hela ziko kwangu?" Akasaini na akalipa: pauni 2,850 kwa kaburi na uchimbaji. Mimi nikamshukuru Mungu kwa kunipa watu. Saini ile ndiyo ilikuja kunitesa kuliko kitu kingine chochote, na nitaifikia.

Tulizika katikati ya Machi, karibu wiki tatu baada ya kifo. Huku hilo ni jambo la kawaida, ingawa nyumbani walidhani tumeingiliwa na polisi.

Baada ya mazishi hakuna aliyeniambia kitu, nami sikuuliza. Nilikuwa na ile ahadi. Pasaka ilipofika, mwezi Aprili, kina mama wa umoja wakaja na magari matatu. Tulifanya kazi kama ya shambani. Tuliparura nyasi kwenye tuta lote, tukazungushia uzio mweupe wa plastiki wa urefu wa kiganja, tukamwaga mifuko sita ya kokoto nyeupe, tukachomeka taa nane za sola. Kichwani nikaweka picha yake ya harusi kwenye fremu ya kioo, na miguuni vyungu vya maua. Mwanangu wa mwisho, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, aliweka kigari cha chuma alichonunuliwa na baba yake. Tukaimba, tukaomba, tukapiga picha, tukatuma nyumbani. Mama mkwe alirudisha ujumbe wa sauti wa sekunde tano: "Mmefanya vizuri. Sasa bado saruji."

Mwanzoni mwa Juni nilikwenda baada ya zamu ya usiku. Nikapita kaburi. Nikarudi, nikahesabu safu, nikapita tena. Sikulitambua. Kokoto hazikuwepo, uzio haukuwepo, tuta limesawazishwa na mbegu za nyasi zimemwagwa juu yake. Kilichobaki ni msalaba wa mbao.

Nilikaa chini pale pale kwenye umande. Nilidhani tumeibiwa, maana mimi ni mtu wa Dar, nimekulia karibu na makaburi ambako msalaba wa chuma ukiwekwa leo, kesho unaukuta kwa muuza vyuma chakavu. Nikaanza kulia kwa hasira, na mzee mmoja wa pale, anayeendesha mashine ya kukatia nyasi, akaizima akaja. Akanichukua hadi kwenye banda nyuma ya ofisi. Humo kulikuwa na rafu ndefu, na juu yake mifuko ya plastiki inayoonyesha ndani, kila mmoja una karatasi yenye namba ya kaburi. Wetu ulikuwa wa tatu kutoka kushoto. Taa za sola, uzio uliokunjwa kama mkeka, picha ya harusi imefungiwa gazeti, na chini kabisa kile kigari. Kokoto zilishatupwa.

"Tunavitunza mwezi mmoja," akaniambia. "Wengi hawaji kuvichukua."

Nilimuuliza kwa nini hawakunipigia simu. Akasema barua ilitumwa kwa mwenye kaburi, na siku thelathini zikapita. Nikasema mwenye kaburi ni mimi. Akanitazama, hakubishana, akanionyesha ubao getini. Ubao wa kijani, wenye maandishi meupe, nilioupita labda mara ishirini. Mstari wa kwanza kabisa ulikataza vioo. Wa pili ulikataza uzio, kokoto na kitu chochote juu ya nyasi.

Somo langu la kwanza lilikuwa hilo: kaburi letu lilikuwa kwenye sehemu ya nyasi. Makaburi mengi ya halmashauri huku yamegawanywa. Kuna sehemu ya nyasi, ambayo ndiyo rahisi, ambako kinachoruhusiwa ni jiwe moja tu kichwani, limekaa juu ya msingi wa zege, na maua yanawekwa kwenye tundu la jiwe lenyewe. Chini ya hapo yote ni nyasi, mashine ipite moja kwa moja. Na kuna sehemu ya kizamani, ya bei ya juu, ambako unaruhusiwa kuzungushia kingo za jiwe na hata kufunika kaburi lote. Hiyo ndiyo iliyo karibu na "kujengea" kwetu. Uamuzi unafanywa siku ya kuchagua kaburi, na ukishazika huhami. Laiti mtu angeniuliza swali moja siku ile, "Mama, mnataka nyasi au kingo?", ningeweza kuitimiza ahadi yangu kwa tofauti ya pauni mia kadhaa. Kwa hiyo ulizeni nyinyi. Msisubiri kuulizwa.

Yule mzee alinieleza sababu bila kuficha, na lazima nikiri nyingine zina akili. Kokoto ikiingia kwenye kisu cha mashine inaruka kama risasi, na kioo kikipasuka ndani ya nyasi kinamngoja mtoto aje na kandambili. Lakini kuna sheria pale zisizo na sababu nyingine zaidi ya kwamba mtu fulani ofisini anapenda vitu vilingane. Shada la Krismasi kuondolewa ifikapo mwisho wa Januari, nakubali. Kukatazwa kupanda hata kitunguu kimoja cha ua ardhini, hapana, hilo sijalielewa hadi leo. Nikamwambia. Akacheka, akasema naye halielewi.

Sasa ile saini.

Nilipokwenda ofisini kuomba kibali cha jiwe, Julai, karani alifungua daftari kwenye kompyuta akaniambia kwa upole kwamba siwezi kuomba. Mwenye haki ya kaburi alikuwa mweka hazina wetu, kwa jina lake na anwani yake, na ile barua ya onyo ilikuwa imekwenda kwake. Anwani hiyo alishaihama. Alikuwa Toronto tangu Mei.

Hapa panataka maelezo kidogo, kwa sababu hata waliokaa huku miaka ishirini hawalijui hili. Ukilipia kaburi la halmashauri hununui ardhi. Unanunua haki ya kuamua nani azikwe humo na nini kiwekwe juu yake, kwa muda maalumu. Amri ya mwaka 1977 inayoongoza makaburi ya halmashauri za England na Wales inazuia haki hiyo kutolewa kwa zaidi ya miaka 100 kwa mkupuo mmoja, na halmashauri nyingi hutoa pungufu ya hapo. Yetu ni miaka 50. Mwaka 2072, nikiwa hai, nitakuwa na miaka 97, na mwanangu wa mwisho 61, na mmoja wetu atapaswa kwenda kulipia tena. Tusipolipia mwili haufukuliwi, lakini jiwe linaweza kuondolewa. Nilipowaeleza hili nyumbani, baba mdogo wa mume wangu aliuliza kama tumempangishia marehemu chumba. Sikuwa na jibu zuri zaidi ya lake.

Anayeandikwa kwenye hati ndiye mwenye sauti, na mwingine yeyote, awe mjane, awe mama mzazi, ni mgeni tu aliyeleta maua. Kuhamisha jina kulitaka fomu isainiwe na kijana yule mbele ya mwanasheria, yeye akiwa Kanada, itumwe kwa posta yenyewe na si nakala ya simu. Fomu ya kwanza ilipotea njiani. Ya pili ilirudishwa kwa sababu mwanasheria hakugonga muhuri mahali panapotakiwa. Oktoba ndipo jina langu likaingia, kwa ada ya pauni 65. Kijana wa watu aliomba radhi kila wiki mpaka nikamkataza. Kosa lilikuwa la kutofikiria, na tulikuwa chumba kizima cha watu wazima ambao hatukufikiria. Michango ilipe, sawa, lakini anayesaini awe mke, mume au mtoto mkubwa. Mkono ukitetemeka, usubiriwe utulie.

Miezi ile ya kungoja haikuwa ya bure yote, kwani ardhi iliyochimbwa inahitaji kushikamana kabla ya kubeba jiwe. Ofisi nyingi husema miezi sita, nyingine mwaka mzima. Niliitumia kuzunguka kutafuta fundi wa mawe.

Usimchukue fundi yeyote. Makaburi yetu yanakubali mafundi walioandikishwa tu, na kuna daftari mbili zinazotambulika, BRAMM na NAMM. Fundi asiyekuwemo hapiti getini hata akiwa na jiwe begani. Nilimpata mmoja kwa bei ya chini sana kupitia rafiki, karakana yake uani kwake, nikampa pauni 200 za kuanzia, kisha nikagundua hajaandikishwa popote. Hizo hela sikuzipata tena. Sababu ya ukali huu ni kwamba mawe ya makaburi yameshaangukia watu huku na kuua watoto, kwa hiyo jiwe linafungwa kwa nondo ya chuma kushuka kwenye msingi, na halmashauri hupita kila baada ya miaka kadhaa kulisukuma kwa mkono au kwa kifaa kuona kama linatikisika. Likitikisika wanalilaza chini na gharama ni yako. Muulize fundi kama anatoa hati ya dhamana, na ya miaka mingapi. Wangu alitoa kumi.

Ombi langu la kwanza, Novemba, lilikataliwa. Jiwe lilikuwa refu kuliko kipimo kwa sentimita saba, na picha ilikuwa kubwa. Picha nilikuwa nimeagizwa na mama mkwe: kichwa na mabega, ukubwa wa karatasi ya daftari, kama ile iliyo kwenye kaburi la baba mkwe. Ofisi iliruhusu kipande cha kauri cha sentimita saba kwa tisa. Nilibishana nao kwa barua mbili, kisha nikaacha. Ni vizuri kujua unapigania nini, nami nilihitaji nguvu kwa ajili ya maneno.

Maneno yalikuwa haya: *Bwana ametoa na Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe*. Ndiyo aliyoyasema mwenyewe tulipompoteza mtoto wetu wa kwanza. Karani aliomba tafsiri ya Kiingereza, kwa ajili ya faili, na hilo sikuliona baya. Lakini akauliza pia kama ningependa tafsiri hiyo ichongwe chini, "ili wageni waelewe". Nikamwambia waliolala humo si wageni, na wanaokuja kumtembelea wote wanaelewa.

Nilikuwa nimesoma habari za familia moja ya Kiayalandi huko Coventry iliyotaka maneno ya Kiayalandi tu kwenye jiwe la mama yao. Hiyo ilikuwa ardhi ya kanisa, na mwaka 2020 hakimu wa mahakama ya kanisa akawakatalia, kwamba bila tafsiri watu wanaweza kudhani ni maneno ya kisiasa. Wakakata rufaa, na mwaka 2021 Mahakama ya Arches, iliyo juu yake, ikawapa haki yao. Makaburi yetu ni ya halmashauri, kesi ile haikutuhusu moja kwa moja, lakini nilikwenda ofisini nikiwa nimeichapa mkobani. Haikubidi niitoe. Maneno yalikubaliwa kama yalivyo.

Nikiwa hapo, neno kwa wanaofikiria uwanja wa kanisa kwa sababu unapendeza na kuna mti mkubwa: ulizeni mara mbili. Viwanja vya Kanisa la England vina kanuni kali kuliko za halmashauri. Mara nyingi hawapokei jiwe jeusi lililong'arishwa, wala picha, wala kingo. Ukitaka kilicho nje ya kanuni, kasisi wa pale hana mamlaka ya kukuruhusu, unaomba kibali cha mahakama ya kanisa.

Fundi anahesabu herufi. Kiswahili chetu ni kirefu, jamani. Nilikaa mezani na kalamu nikazihesabu: arobaini na tatu, mara pauni tatu na nusu, pauni 150 na senti hamsini, bila kugusa jina wala tarehe. "Lihimidiwe" peke yake ni pauni thelathini na tano. Na ndilo walilolikosea. Mchoro wa kuidhinisha ulipokuja kwa barua pepe nilikuwa kwenye basi, nikautazama juu juu, nikataka kubonyeza kukubali. Binti yangu akaniambia, "Mama, soma kwa kidole." Kidole kilipofika mwisho kikakuta *lihimidwe*. Fundi hajui Kiswahili, kwake hilo ni kundi la herufi tu, na ukishatia saini kosa ni lako milele, au angalau kwa miaka hamsini. Mpe mchoro mtu wa pili ausome, tena asiwe mfiwa.

Sehemu ya chini ya jiwe niliiacha wazi, kwa ajili ya jina langu. Dada yangu aliposikia alisema huo ni uchuro, ni kujiitia kifo. Labda. Lakini kuongeza jina baadaye kwenye jiwe lisilo na nafasi ni kung'oa lote na kuchonga upya, na sitaki watoto wangu waikute bili hiyo. Jiwe liligharimu pauni 1,900, kibali 185, herufi juu yake. Mchango wa nyumbani ulikuwa umezaa kama pauni 600. Niliandika kila senti kwenye karatasi moja, nikaipiga picha, nikaituma kwenye kundi. Ningeituma mwaka mmoja kabla, shemeji asingenipigia simu ile.

Jiwe lilisimamishwa Mei 2023. La kijivu, fupi, linafanana na jirani zake.

Jirani yangu wa kazini, mama wa Kiunguja, ana kaka yake kwenye sehemu ya Waislamu ya makaburi yale yale. Tulitembea pamoja siku moja. Kwao kuna tuta dogo la udongo, ambalo wamekubaliana na ofisi lisisawazishwe, na alama ya kichwani, basi. Alinikumbusha kwamba Mtume alikataza makaburi kupakwa chokaa na kujengewa. "Nyinyi mnazuiwa na halmashauri," akasema, "sisi tulishazuiwa zamani, na halmashauri imetukuta hivyo hivyo." Nikamtajia Kaole na Kunduchi, makaburi ya Waislamu wa mwambao yenye nguzo, na mashimo ya duara yalikokaa sahani na mabakuli ya Kichina. Akanyamaza kidogo. "Kila kizazi kina wakaidi wake," akanijibu, na tukaendelea kutembea.

Mama mkwe hakusema kitu kuhusu picha ya jiwe. Alijibu "Nimeona." Wiki tatu baadaye shemeji akaniambia kwamba mama ameamua: kitajengwa kitu kule nyumbani, ubavuni mwa kaburi la baba. Nilikasirika. Kaburi la nani, wakati mtu ametulia kwake? Niliona kama linatangaza kwamba mimi nimeshindwa. Sikutuma hata shilingi, na hilo ni kosa jingine ambalo halina fomu ya kulirekebisha.

Desemba mwaka ule tulikwenda. Ukipanda kutoka Same barabara inazunguka sana, na watoto wawili walitapika. Tulifika jioni. Pale chini ya migomba, pembeni ya baba yake, wamemjengea: saruji, marumaru za bluu zenye maua, msalaba, picha kubwa ya kichwa na mabega, jina na tarehe, na mstari unaosema amezikwa Uingereza. Ukubwa kamili wa kaburi. Humo ndani hakuna mtu, na kila anayepita anajua hakuna mtu. Mwanangu wa mwisho alichuchumaa akapitisha kiganja juu ya marumaru yote, kipande kwa kipande, kama anayehesabu. Halafu akatoa kigari mfukoni. Sikujua kwamba amekibeba. Akakiweka juu, na hakuna aliyekiondoa kwa siku zote kumi na mbili tulizokaa.

Asubuhi ya pili nilimkuta mama mkwe anapafagia, ameinama na ufagio wa chelewa, majani yanaanguka nyuma yake kadiri anavyosonga mbele. Nikamwomba ufagio. Akakataa kwanza, kisha akanipa, akakaa kwenye ukingo wa kaburi la mumewe.

"Zile nyasi za huko," akaniuliza, "nani anazikata?"

"Halmashauri, mama."

"Kila mwaka?"

"Kiangazi kila wiki mbili."

"Na mnawalipa?"

"Hapana, ilishaingia kwenye ile bei ya kaburi."

Akatikisa kichwa, akanyoosha mgongo kwa mikono miwili, akayatazama yale marumaru ya bluu na rundo la majani lililokuwa limeanza tena kukusanyika.

"Waambie na huku waje," akasema.